Bwawa Letu ni Mlima

Katika mtaa wetu wa Kaloleni, hapa mjini Arusha, lipo jengo moja la kiasi ambalo wengi hupita mbele yake kila siku, wakienda sokoni au stendi ya mabasi, wasigeuze nyuso kulitazama. Ndani ya jengo hilo viongozi wa chama cha TANU walikutana katika siku za mwisho za Januari 1967, wakaafikiana juu ya maneno ambayo Februari 5 ya mwaka ule yalitangazwa kuwa ni Azimio la Arusha, na leo jengo hilo ni makumbusho ya Azimio lenyewe. Vijana wetu hufundishwa kwamba Azimio lilikuwa habari ya mabenki na viwanda. Walakin mtu atakayelisoma kwa utulivu ataona kwamba, lilipozihesabu njia kuu za uchumi ambazo haifai zikae mikononi mwa watu wachache, lilianza na ardhi, likafuatisha misitu, kisha madini, kisha maji, na mabenki yakaja nyuma. Na kwa sadfa ambayo sijapata kuisikia ikitajwa, mwaka ule ule wa 1967 ndio Mlima Meru ulipotiwa ndani ya hifadhi iliyoasisiwa 1960 kwa jina la Kreta ya Ngurdoto, na hifadhi yote ikabadilishwa jina ikaitwa Arusha. Basi misitu na maji viliafikiwa kuwa mali ya umma katika ukumbi wa mtaa wetu, na mlima uliobeba misitu na maji hayo ukawekewa mipaka na walinzi, yote katika mwaka mmoja.

Nimelitanguliza jambo hilo kwa kuwa nataka kusema neno juu ya haki ya kuuzuru msitu wa mlima ule, na juu ya adabu ya kuuzuru. Mimi ni mmoja katika watu zaidi ya laki sita ambao sensa ya 2022 iliwahesabu katika Jiji la Arusha, na kama wengi wao nimezoea kuyajua maji kwa mlango mmoja tu, yaani bomba. Yakitoka tunashukuru, yasipotoka tunalaumu, na ankara ikija tunanung'unika. Ama yanakotoka, aghalabu hatuulizi. Naamini kwa dhati kwamba msitu unaolindwa kwa ajili ya maji yetu hautalindwa vema maadamu wanywaji wa maji hayo hawajapata kuuona kwa macho yao. Kwa hiyo naomba milango yake ifunguliwe kwa wenyeji wa mji, kwa taratibu na kwa masharti magumu, ili tuingie kama mtu aingiavyo mahali pa heshima.

Miji mingine ina bahati ya kuyaona maji yake. Mtu wa Tanga akifika Mabayani ataliona bwawa linalopokea maji ya mto Zigi kutoka misitu ya Amani, ambayo tangu 1997 ni hifadhi ya mazingira asilia. Mtu wa Morogoro analo bwawa la Mindu karibu na milima ya Uluguru. Na wenzetu wa Nairobi wanalo Ndakaini, katika nchi ya Murang'a, lenye uwezo wa kubeba mita za ujazo milioni 70, ambako walibuni hata mashindano ya mbio ili watu wa mji wafike, wavute hewa ya milima ya Aberdare, na waone kwa nini miti iliyolizunguka bwawa haifai kuguswa. Sisi wa Arusha hatuna ziwa la namna hiyo la kumwonyesha mtoto tukamwambia kwamba haya ndiyo unayokunywa. Tuna matangi ya saruji, tuna visima virefu vilivyochimbwa kwa mashine, na tuna chemchemi zilizofunikwa kwa mifuniko ya chuma. Bwawa letu ni mlima wenyewe, na maji yake yamo ndani ya tumbo la mlima, hayaonekani. Na kisichoonekana ni rahisi kusahauliwa, na kilichosahauliwa ni rahisi kuibiwa.

Nitaeleza kidogo namna bwawa hilo lifanyavyo kazi, maana ndipo ilipo hoja yangu yote. Mlima Meru, wenye kimo cha mita 4,566, ni kazi ya moto. Mara ya mwisho ulitoa majivu 1910, na kabla ya hapo, kwa dahari na dahari, ulijijenga kwa majivu, kokoto na mawe yaliyoyeyuka yakaganda, tabaka juu ya tabaka, kama mikeka iliyotandikwa juu ya mikeka, mingine ikipitisha maji kwa wepesi na mingine ikiyazuia. Mvua za masika na vuli huushukia zaidi upande wa kusini na wa mashariki, ndiyo sababu upande wetu una rangi ya kijani ilhali ule wa kaskazini, kuelekea Oldonyosambu, umekauka. Mvua hiyo ikiangukia kichwa cha mti mkubwa hupungukiwa na ukali wake; huteremka jani kwa jani, ikapita kwenye kuvumwani na kwenye magome, ikafika chini ikiwa imetulia, na udongo laini uliofunikwa kwa majani yaliyooza huinywa polepole kama mgonjwa anyweshwavyo uji. Kisha huzama, ikashika njia zake za giza kati ya zile tabaka, na baada ya muda mrefu hutokeza mahali pengine chini, ikiwa baridi na safi, nasi tukaiita chemchemi. Iondoe miti, na mvua ile ile, bila ya kupungua hata tone, itaipiga ardhi iliyo uchi, itaukokota udongo, itaifurisha mito ya Themi na Naura kwa siku mbili kwa maji ya rangi ya chai ya maziwa, kisha itapita zake kuelekea Kikuletwa na bwawa la Nyumba ya Mungu, ituache na kiu wakati wa kiangazi.

Waliotutangulia katika nchi hii waliyajua hayo pasipo vitabu. Katika Kimaasai, ambacho ndugu zetu Waarusha wanakisema, engare ni maji. Na kutoka neno hilo tumepata Ngarenaro, mtaa jirani yetu, ambao ni maji meusi, na Ngare Nanyuki, ng'ambo ya mlima, ambayo ni maji mekundu. Watu walipotaka kuzipa sehemu hizo majina hawakuangalia mawe wala vilima, waliangalia maji. Wameru nao wana mahali katika mlima panapoitwa Njeku, na wazee husimulia kwamba palikuwa na bibi kizee mwenye karama ya kuomba mvua, na kwamba wakati wa ukame watu walikwenda huko kuomba. Sitaki kuijadili itikadi ile. Ninachokiona ni kwamba watu wale walikwenda. Walipanda wenyewe kwa miguu yao mpaka mahali mvua inapoanzia, wakarudi majumbani wakijua kwamba kile wanachokiteka mtoni kina mwenyewe huko juu na kina heshima yake.

Mwaka uliopita nilimchukua mjukuu wangu, mtoto wa darasa la tano, tukapata idhini ya kupanda pamoja na askari wa msitu. Tulishuka kwenye daladala, tukapita katikati ya migomba na mibuni, tukapita viwanja ambavyo jana vilikuwa mashamba na leo vina misingi ya nyumba, tukaingia katika miti ya kupandwa, misindano na mikaratusi iliyosimama kwa mistari kama askari kwenye gwaride, na hapo mtoto akaniuliza kama tumefika msituni. Nikamwambia bado. Tukaendelea mpaka mistari ikakoma, mwanga ukapungua, na sauti ya mji, ambayo hata pale juu ilikuwa ikitufuata kwa mbali, ikanyamaza ghafla kana kwamba mtu amefunga mlango. Mbega wawili walitutazama kutoka juu ya mkuyu, mikia yao myeupe ikining'inia, wakatuacha tupite.

Mtoto alikuwa ameokota kijiti njiani, chenye urefu wa mkono wake kutoka ncha ya vidole mpaka kwenye kiwiko. Katika njia ya shamba la miti alikuwa akikichomeka ardhini kwa mchezo, na kila mara kilikwama upesi, kikaacha alama isiyozidi kucha. Tulipofika chini ya miti ya asili akakichomeka tena bila ya kutumia nguvu, na kijiti kikazama chote, mpaka ngumi yake ikagusa majani. Alishtuka, akadhani amekipoteza. Alipokichomoa kilikuwa cheusi na kimelowa kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na tone moja likadondoka kutoka kwenye ncha yake likaangukia kiatu chake. Nasi tulikuwa katika wiki ya sita pasipo mvua. Nimesikia hotuba nyingi juu ya utunzaji wa vyanzo vya maji, na mimi mwenyewe nimepata kutoa mbili tatu, wala sikumbuki hata moja iliyosema kwa ufasaha wa kijiti kile.

Mbele kidogo palikuwa na chanzo. Hakikuwa na uzuri wowote wa kupigwa picha: sanduku la zege lililoota ukungu, mfuniko wa chuma wenye kufuli, uzio wa seng'enge, na bomba nene likitoka ubavuni na kushuka bondeni. Askari alitusimamisha nje ya uzio akatueleza sheria zake kwa sauti ya mtu asiyetania: hapiti mtu, haogi mtu, hakojoi mtu, hauachwi mfuko wala ganda la pipi. Kisha, kwa hisani, akamruhusu mtoto aliguse bomba mahali lilipotoka nje ya uzio. Mtoto akaweka kiganja, halafu akalaza sikio, akakaa hivyo kwa muda.

"Babu," aliniambia, "linatetemeka."

"Hayo ni maji," nikamjibu.

"Yanakwenda kwetu?"

Nikamtazama askari, kwa kuwa sikutaka kumdanganya mtoto. Askari akasema kwamba maji ya vyanzo mbalimbali huchanganyika katika matangi, kwa hiyo hawezi kuapa kwamba haya yatafika Kaloleni, lakini kwamba yanakwenda mjini, na kwamba mji ni mmoja. Jawabu hilo lilinipendeza kuliko kama lingalikuwa la ndiyo.

Sasa nije kwenye upinzani, maana najua upo, na una hoja zinazostahili heshima. Wako watu waaminifu, wengine wamekula chumvi nyingi katika kazi ya misitu, wasemao kwamba mahali pa chanzo cha maji pafungwe kabisa, kwamba binadamu akizoeshwa kuingia ataleta takataka, ataleta moto wa nyama choma, ataleta muziki na sabuni, na kinyesi chake kitaingia katika maji yatakayonywewa na watoto wa wenzake. Hayo si mawazo ya woga mtupu. Nimeona kando ya Themi, hapa hapa mjini, namna tunavyoyatenda maji yaliyo mbele ya macho yetu, na nikakiri kwamba hatujaonyesha sababu ya kuaminiwa. Na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imekwisha kuweka mpaka wa mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji, ambao ndani yake shughuli za kibinadamu zenye kuathiri hazikubaliwi. Mpaka huo nautaka ukae, na ikiwezekana upanuliwe. Jambo lenyewe si geni, kwani wanazuoni wa fikihi, yaani sheria ya Kiislamu, zamani walikwisha kukipa kila kisima harimu yake, yaani eneo linalokizunguka ambalo mtu mwingine haruhusiwi kuchimba wala kujenga, na neno lenyewe lina shina moja na haramu. Mita 60 za serikali na harimu ya fikihi ni akili moja iliyovaa mavazi mawili.

Lakini harimu ya kisima haikupata kuwa kuwakataza watu wasikijue kisima. Na tukiuliza kwa insafu ni nani hasa anayeuharibu msitu wa Meru, hatutamkuta mgeni aliyeandikwa jina langoni. Tutamkuta mwenye msumeno aingiaye usiku, mchoma mkaa, mlisha mifugo aliyesukumwa na kiangazi, na yule anunuaye kiwanja kwa karatasi isiyojulikana ilikotoka akakisogeza kidogo kidogo kuelekea juu. Hao wote wanaufahamu msitu vizuri kuliko sisi, na rafiki yao mkubwa ni upweke wa mahali pale. Msitu uliofungwa una walinzi wachache na hauna mashahidi. Siku mti mkubwa unapoanguka huko juu, mtu wa Kaloleni hajui kwamba ulikuwepo, basi atamlilia nani, na kwa ajili ya nini? Nataka mashahidi elfu kumi, wenye umri wa miaka kumi na moja.

Iko sababu nyingine, nayo ni nzito zaidi katika nchi hii kuliko mahali pengi. Mpaka, katika Meru, si mstari tu kwenye ramani. Mwezi wa Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa kwa nguvu Wameru wapatao elfu tatu katika ardhi yao ya Ngare Nanyuki ili wafugaji wa Kizungu wapate mashamba. Nyumba zilichomwa moto, na mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisafiri mpaka New York, akasimama katika Umoja wa Mataifa akaeleza dhuluma ile mbele ya dunia. Familia zilizofukuzwa ziko hai katika wajukuu wao. Hivyo kila uzio mpya, kila kibao chenye neno la kukataza, hata kikiwa cha haki na cha faida, hukuta katika vifua vya watu kumbukumbu ambayo haijapoa. Ukimwambia mzee wa Ng'iresi au wa Nkoaranga kwamba asichunge wala asikate kuni mahali fulani kwa ajili ya maji ya mjini, ilhali watu wa mjini wenyewe hajapata kumwona hata mmoja akija kumshukuru, umemfanya alinde amana ya mtu asiyemjua. Ziara yetu huko juu itakuwa pia ziara kwa watu hao: tutakunywa chai kwao, tutanunua ndizi zao na asali yao, tutaongozwa na vijana wao na tutawalipa, nao watatuambia kwa midomo yao ni wapi kisima kimepungua na nani ameingia usiku.

Wamarekani walipita katika jaribu linalofanana na letu. Ili kuupatia mji wa Boston maji ya kunywa, walijenga bwawa kubwa liitwalo Quabbin, na 1938 miji minne midogo ikafutwa kisheria, wakazi wakahamishwa, hata makaburi yakafukuliwa na wafu wakazikwa upya kwingine. Uchungu wake haukuwa mdogo. Lakini baadaye hawakulizungushia bwawa ukuta wakalisahau. Msitu wake una malango mengi yenye namba, mtu huingia kwa miguu, hutembea, hutazama ndege, hukaa kimya, na haruhusiwi kuogelea wala kuingia na mbwa. Masharti ni makali na watu huyafuata, na wajukuu wa waliohamishwa wanaweza kutembea mahali palipokuwa na milango ya babu zao. Sisemi tuyaige mambo yao yote, maana kila nchi ina mazingira yake. Nasema tu kwamba maji ya kunywa na miguu ya wageni yamekaa pamoja mahali pengine kwa miaka mingi pasipo madhara, kwa kuwa palikuwa na utaratibu.

Na hapa kwetu miguu ya wageni ipo tayari, ila si yetu. Mgeni kutoka Ulaya akifika Arusha siku mbili kabla ya kwenda Serengeti hupelekwa Ng'iresi au Ilkiding'a, huonyeshwa vijito na miti ya dawa, hupandishwa Meru kwa siku tatu au nne pamoja na askari mwenye bunduki kwa ajili ya nyati. Wengine hupelekwa kwenye maporomoko ya Napuru katika shamba la miti la serikali. Simwonei husuda mgeni huyo, na fedha zake zinawafaa vijana wetu. Linaloniumiza ni kwamba amekwisha kuikanyaga njia ya maji ambayo mtoto aliyezaliwa Kaloleni, akanyonya Kaloleni, na ambaye mifupa yake imejengwa kwa maji yale, hajaikanyaga wala hafikirii kwamba inamhusu.

Nimetaja mifupa kwa makusudi. Mtu wa Arusha hutambulikana ugenini kwa meno yake, kwa ile rangi ya kahawia ambayo wengine huicheka na sisi tumeizoea. Inatokana na floridi, ambayo maji huichukua yanapokaa sana katika mawe ya volkano. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 katika lita moja, na yapo maji katika miteremko ya Meru yanayokivuka kikomo hicho mara nyingi. Wataalamu wetu pale Ngurdoto walijitahidi kwa miaka kuyasafisha kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kazi ya subira ambayo haikusifiwa inavyostahili. Kwa hiyo chemchemi yenye maji matamu na floridi ya kiasi ni johari katika nchi hii. Hatuwezi kuichukulia kana kwamba ikikauka tutachimba nyingine palipo karibu, maana palipo karibu panaweza kuwa na maji yasiyonyweka. Serikali ililijua hilo ilipoanzisha mradi mkubwa wa shilingi bilioni 520, wenye kusudi la kuongeza maji ya mji kutoka lita milioni 40 kwa siku hadi milioni 200, na visima vyake vingine vikatafutwa mbali hata katika wilaya ya Hai. Fedha hizo ni nyingi, na zilistahili kutumika. Sehemu ndogo mno ya fedha za namna hiyo, ikitengwa kila mwaka, ingetosha kuwapandisha watoto wa shule za msingi za jiji lote wakauone mlima unaowanywesha.

Ninavyoitamani ziara hiyo ni hivi. Iwe na siku zake, wakati wa kiangazi, njia zisipoteleza na miguu isipochimba udongo. Iwe kwa makundi madogo, yenye kiongozi kutoka vijiji vya jirani aliyefundishwa na Wakala wa Huduma za Misitu pamoja na mamlaka ya maji, na njia iwe moja, iliyowekwa mawe, isiyokaribia sanduku la chanzo kwa hatua moja zaidi ya ilivyoamriwa. Pasiwe na gari kupita mwisho wa mashamba, pasiwe na chupa za plastiki, pasiwe na moto, pawe na choo chini kabisa nje ya msitu na kila mtu akitumie kabla ya kupanda. Mwanafunzi asilipe kitu. Mama muuza mbogamboga akitaka kwenda alipe kiasi ambacho hakitampunguzia chakula cha jioni. Na tusifanye mahali hapo kuwa bustani ya starehe, maana zipo nyingine mjini za kazi hiyo; iwe mahali pa mafunzo. Watu wa Unguja wanaujua msitu wa Masingini ulio juu ya mji wao kuwa ni mama wa maji, na wanasimulia mpaka leo namna Sayyid Barghash, aliyetawala kati ya 1870 na 1888, alivyoyaleta mjini kwa mabomba maji ya chemchemi ya upande wa Bububu; mfalme yule alijenga majumba ya fahari, mengine yamebomoka, ila fadhila ile ya maji ndiyo iliyomwachia dua ndefu zaidi. Nasi tungeweza kulifundisha hilo papo hapo, mbele ya bomba linalotetemeka.

Tuliporudi siku ile jua lilikuwa linazama. Nyumbani maji yalikuwa yamekatika tangu asubuhi, na wanawake wa uani walikuwa wamepanga ndoo zao mbele ya bomba la jirani, ambalo hutoa kidogo hata mengine yakinyamaza. Mjukuu wangu hakungoja kuvua viatu. Alikwenda akasimama kwenye foleni na kijiti chake, ambacho alikuwa amekataa kukitupa, akaanza kumweleza mama mmoja mtu mzima namna kilivyozama, akimwonyesha kwa kidole mahali weusi ulipokomea, na kumwambia kwamba maji yapo, mengi, yamelala chini ya majani, ila mtu asipakanyage. Mama yule alimsikiliza mpaka mwisho, akakishika kijiti, akakinusa. Kisha akanigeukia mimi niliyekuwa nimesimama mlangoni.

"Mzee, na sisi wanaruhusu kwenda?"

Nikamwambia kwamba nitamwulizia. Kesho yake niliandika barua kwa heshima zote, nikaomba nafasi ya watu ishirini wa mtaa wetu, wengi wao wanawake na watoto, nikaipeleka mwenyewe kwa mkono katika ofisi niliyoelekezwa, ikapigwa mhuri wa kupokelewa. Ni miezi minane sasa. Kila tukutanapo kwenye foleni mama yule huniuliza kama wamejibu.